Mwalimu mkuu mpya Likoni: nifanyeje nisikike kati ya wakuu wenzangu?

Bi_Mkuu_Likoni
Assalaam alaikum wanajukwaa. Nimekabidhiwa shule ya msingi huku Likoni, na mwajua tangu 2023 sekondari msingi (gredi ya 7 hadi 9) nayo iko mikononi mwetu. Gredi ya 9 wamefika, maabara hatuna. Tukikutana wakuu wa kaunti ndogo, wenye sauti ni wale wale. Wakitaja shule yahitaji darasa la NG-CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ombi husogea. Mimi nikinyoosha mkono, muda umekwisha. Nataka watoto wangu wafaidike, ila kujipendekeza kwa wakubwa siwezi. Nishaurini.

Mstaafu_Kisauni
Alaikum salaam, mwanangu. Yanayosemwa mkutanini huwa yashazungumzwa kabla. Omba ukatibu wa kikao cha wakuu wa kanda yenu. Wengi huukimbia kwa sababu wenzako wakienda chai, wewe ungali unaandika. Lakini katibu ndiye huandaa ajenda, ndiye mwenye namba ya kila mkuu, na afisa wa elimu akitaka kujua shule zipi hazina madawati humpigia yeye. Kumbukumbu zitume kesho yake, usingoje mwezi ujao, na uandike nani aliahidi nini. Utaona wale wakongwe wenyewe wakikuuliza, "Bi, tulikubaliana vipi?"

Mwl_Sayansi
Kuhusu maabara, hakuna shule ya upili jirani? Mwandikie mkuu wake kupitia kwa afisa, watoto waende Alhamisi alasiri. Wewe una uwanja? Wape wale wa upili wafanyie mazoezi ya kandanda.

Dada_Changamwe
Bi, mimi ni mwalimu wa darasani, nawe nisikilize. Mkuu wetu wa zamani alikuwa mtu wa semina na kamati. Jina lake lilivuma, ila wazazi walikuja wakaikuta ofisi imefungwa, na zamu ya walimu ikawa haina wa kuifuatilia. Hata mkutano mkuu wa KEPSHA, chama cha wakuu wa shule za msingi, ukifanyika hapa hapa Mombasa, ukirudi tuite utwambie umetuletea nini.

Bi_Mkuu_Likoni
Ahsanteni sana. Mzee wangu, shikamoo. Kikao cha kanda ni Jumanne, ukatibu nitauomba. Dada, umenigusa, vikao vingine ataenda naibu wangu, naye ajulikane. Shule ya upili ipo, tena uwanja wao ni mdogo, lakini mkuu wake namjua kwa jina tu. Nani wa kunikutanisha naye?

Mstaafu_Kisauni
Marahaba. Nitumie jina la shule faraghani. Wengi wa hao nimewafundisha kazi mwenyewe. Nitampigia kesho asubuhi.