Naombeni ushauri: nimepewa kazi ya kupeleka kundi la Waswahili kutembea kwenye theluji huku Kananaskis, nianzie wapi?

MtuWaSame

Wakuu habari za saa hizi. Niko Calgary, Kanada. Huku tuna grupu letu la WhatsApp la Waswahili, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, wengi tumejuana kanisani, msikitini na kwenye misiba. Sasa limekuja wazo tuwe tunatoka pamoja mara moja kwa mwezi kwenda Kananaskis, eneo la milima magharibi ya Calgary, badala ya kufungiwa ndani miezi mitano, maana winta ya huku inakula watu jamani, mtu anatoka nyumbani giza anarudi giza, anakaa na simu yake, baadaye unasikia fulani hajaonekana wiki tatu na hapokei simu. Mimi hilo ndo linaniuma zaidi kuliko habari ya mlima wenyewe.

Kuratibu nimepewa mimi kwa sababu huwa natembea na kikundi cha watu wa hapa wanaojitolea, snoshuu nimeshazizoea (kwa wasiozijua ni zile fremu pana unafunga chini ya buti ili usizame kwenye theluji laini). Ila kufuata kiongozi ni jambo moja na kuwa kiongozi ni jambo lingine.

Shida ni hii. Vijana wameona picha za Chester Lake, ziwa la huko juu milimani, mtandaoni, wanataka safari ya kwanza iwe huko huko. Wakati huo huo kwenye orodha kuna familia zimefika mwezi wa tisa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hawajawahi kukanyaga theluji nje ya mji, kuna mama mmoja mtu mzima goti linamsumbua, kuna watoto, jumla tunaenda kama watu 20. Naomba mnisaidie: twende wapi, watu wavae nini bila kuingia madeni, na nikatae nini hata wakinuna. Tunataka kutoka mwezi huu wa kwanza, Jumamosi.

Mama_Zuhura_YYC

Karibu sana mwanangu na Mungu akubariki kwa hilo wazo, nakaa huku muda mrefu na hao uliowataja wanaopotea ndani nimewaona.

Naanza na nguo maana ndo watu wanakosea. Jinzi HAPANA. Fulana ya pamba HAPANA, hata soksi za pamba hapana, kwa sababu pamba ikishanyonya jasho haikauki, ukisimama kunywa chai dakika tano tu unaanza kutetemeka na jua linawaka. Ndani kabisa vaa nguo ya kubana ya sintetiki au sufu, juu yake sweta la flisi, halafu nje jaketi la kuzuia upepo. Suruali ya theluji hata ile ya kazini ya nje inatosha. Na wala msikimbilie madukani, maduka ya mitumba yamejaa hivi vitu, flisi na suruali za ski unazipata kwa bei ya kula mchana, waambie akina mama waende mapema kabla ya siku yenyewe. Glavu pea mbili kila mtu, moja ikilowa unavaa nyingine, na kwa watoto zile zisizogawa vidole zina joto zaidi.

Mkianza kutembea mtu ahisi kabaridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto zuri, baada ya dakika kumi unatoka jasho, na jasho ndo adui.

Nyika254

Mimi ni Mkenya, niko hapa Canmore, mji wa milimani, nafanya kazi hotelini. Nilianza hizi mambo za hiking nyumbani, Ngong Hills na Longonot, tulikuwa tunaenda basi nzima na watu hatujuani, na kitu moja nilibeba kutoka huko ni hii: lazima kuwe na mtu wa mbele na mtu wa mwisho, na huyo wa mwisho awe ndiye mwenye nguvu kuliko wote, si yule amechoka. Hakuna mtu anapita wa mbele, hakuna mtu anabaki nyuma ya wa mwisho. Kila mahali njia inagawanyika mnasimama mpaka wote wafike, na wale wa nyuma wakifika wapewe nafasi ya kupumzika pia, sio wakifika tu wa mbele wanaondoka, hapo ndo watu wa nyuma huchoka vibaya kwa sababu hawapati rest hata moja.

Kuhusu mahali. Chester Lake ni poa sana, mimi naipenda, lakini kwenda na kurudi ni kama kilomita 9, unapanda mita 300 na kitu, na njia ya kufika huko ni ile barabara ya changarawe ya 742 ambayo ukishaiacha Canmore network inakufa. Gari moja ikiteleza kwenye mtaro na watoto ndani na nje ni minus 22, utapigia nani? Kwa watu wamefika Septemba mimi siwezi.

Enda Troll Falls. Iko karibu na Nakiska, pale walifanyia mashindano ya ski ya Olimpiki 1988, barabara ni lami hadi karibu, kutoka Calgary ni saa moja hivi. Kutembea ni chini ya kilomita mbili kwenda, karibu ni tambarare, ndani ya msitu kwa hivyo upepo hauwapigi, na mwisho kuna maporomoko ya maji yameganda yote yakawa barafu, watoto watafurahi ajabu. Muwe mnayaangalia kwa umbali lakini, vipande vya barafu huanguka kutoka juu.

Kitu ingine, Troll Falls hukanyagwa na watu wengi hadi njia inashikana na kuwa kama kioo, kwa hivyo huenda snoshuu msizihitaji kabisa, mtahitaji zile makucha za chuma za kuvalisha juu ya kiatu. Usikodishie watu 20 snoshuu kabla hujajua hali ya njia wiki hiyo.

PolePole_Marangu

Mkuu mleta mada mimi siko Kanada, niko Marangu napandisha wageni Kilimanjaro, theluji ya huko siijui ila baridi ya usiku wa kileleni naijua, kule karibu na mita 5,895 tunakutana na minus 15 na zaidi ukiweka upepo. Nichangie machache.

Maji: ile mipira ya kunyonyea maji inaganda kwanza kabla ya kitu chochote, waambie watu waiache nyumbani. Chukua chupa ya mdomo mpana, weka maji ya moto, ivalishe soksi, iweke kwenye begi kichwa chini, kwa sababu maji yanaanza kuganda juu, ukiigeuza mfuniko unabaki wazi.

Simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, ukiacha nje chaji inaisha hata kama ilikuwa asilimia 80.

Na la mwisho, mgeni anayekataa kula na anayenyamaza ghafla huyo ndo wa kumwangalia. Anayelalamika bado yuko sawa. Akianza kujikwaa na maneno yanavutika, usimuulize kama anaweza kuendelea, atakwambia anaweza.

Kivu_Yetu

Ndugu yangu asante kwa kutukumbuka sisi wa Nyarugusu. Mimi nilipita hapo pia. Nataka kusema kitu moja, hawa watu hawatakuambia kama hawana jaketi. Watasema ndiyo tutakuja, halafu siku ile watakuja na kile walicho nacho, ama hawatakuja na watasema mtoto aligonjwa. Usiulize kwenye grupu mbele ya watu wote. Pita nyumbani, ama utume mtu anayewajua, muangalie viatu vya watoto. Na hiyo mambo ya mchango, kama ni dola 20 kwa kichwa na mtu ana watoto tano, wewe umemfungia mlango tayari.

MtuWaSame

@Kivu_Yetu nimekusoma kaka, hilo la kupita nyumbani sikuliwaza na nitalifanya wiki hii hii, shemeji yangu anawafahamu wawili kati yao. Mchango tunautoa kwenye mafuta tu kwa wenye uwezo.

Vipi kuhusu maporomoko ya theluji, yaani theluji inayoshuka ghafla kutoka mlimani? Vijana wananiambia hayo ni ya watu wa ski wanaokwenda juu kabisa, sisi tunatembea bondeni hayatuhusu.

DaktariWaBarabara

Hapo mkuu wasahihishe mapema kabla hujaondoka mjini. Ukiwa bondeni unaweza kuwa hujasimama kwenye mteremko wowote na bado ukawa chini ya mteremko, theluji inayokupata inatoka juu yako kwenye mahali usipopaona. Miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45 ndo inayomwaga zaidi, na mingi ya hapo Kananaskis iko juu ya njia za watembea kwa miguu.

Februari 1, 2003 wanafunzi wa shule moja ya karibu na Calgary walikuwa kwenye ski Connaught Creek, upande wa Rogers Pass kule British Columbia, watoto 14 na watu wazima 3, wakitembea bondeni. Poromoko lilitoka mlimani juu yao likawafunika, watoto 7 wakafariki. Baada ya hapo ndipo Kanada ikaanza kupanga njia kwa madaraja kulingana na ardhi yenyewe: rahisi, yenye changamoto, na ngumu sana. Kwa kundi lenye watoto na wageni baki kwenye daraja rahisi, nukta. Na hali ya hewa ya siku hiyo isikushawishi kubadilisha hilo.

Halafu kila siku ya winta kuna taarifa ya hatari kwenye tovuti ya Avalanche Canada, na eneo la Kananaskis lina taarifa yake peke yake. Inaanzia 1 mpaka 5. Watu wakiona 3 wanasema iko katikati basi ni wastani, kumbe kwenye 3 tayari mtu mmoja akikanyaga vibaya uwezekano wa kuliangusha ni mkubwa. Na mchunge siku za chinook, ule upepo wa joto kutoka magharibi, mnaamka minus 20 mchana ni plus 5, watu wanashangilia, lakini theluji iliyopashwa joto haraka hivyo inalegea.

Wewe mwenyewe kama unataka kuja kuwapeleka Chester huko mbele, kachukue kozi ya awali ya maporomoko, ni siku mbili, na kundi liwe na vile vifaa vitatu kwa kila mtu: kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomea na koleo. Aliyefunikwa anaokolewa na wenzake alioongozana nao ndani ya dakika kama kumi, helikopta haiwahi. Na hata mkifika ziwani muishie ziwani, msiende kujipiga picha chini ya ile miteremko ya nyuma.

kijana_wa_YYC

Mimi ni mmoja wa hao vijana lol. Bro hilo la 2003 sikuwa nalijua, hakuna aliyetuambia. Sawa Troll Falls. Mimi na jamaa wawili tutakaa mwisho wa mstari kama Nyika254 alivyosema, na gari langu lina tairi za winta nina nafasi nne.

MtuWaSame

Umenifurahisha sana mdogo wangu. Nakuhesabu wewe nyuma.

binti_wa_Tanga

Swali la wanawake ambalo hakuna atakayeliuliza kwenye grupu: vyoo. Vipo pale pale kwenye paking, vya shimo, njiani hamna. Tangaza hivyo kabla, maana wenzetu wengine watajinyima maji asubuhi nzima kwa sababu ya hilo na mtu asiyekunywa maji baridi inampata upesi.

Na kwa sisi tunaoswali, mchana wa winta ni mfupi, adhuhuri na alasiri zinakaribiana sana, ukisema tunaanza saa nne asubuhi na kurudi kwenye magari saa nane basi panga kituo kimoja cha adhuhuri, mtu abebe kipande cha godoro jembamba la kambi la kuweka chini ya mswala, paji la uso kwenye theluji moja kwa moja si mchezo. Ukiwatajia hilo kwenye tangazo utaona watu wangapi wataongezeka.

Nyika254

Naongeza ya pesa. Kuna kibali cha Kananaskis, ilipoanza 2021 ilikuwa dola 15 kwa siku, na inalipwa kwa GARI sio kwa mtu, unalipia online kwa namba ya gari. Kwa hivyo watu 20 wakijibana kwenye magari manne au matano ni kitu kidogo. Kama gari yako itaenda kila mwezi chukua ya mwaka, 2021 ilikuwa dola 90. Mkienda upande wa Banff, ile hifadhi ya taifa, hiyo haifanyi kazi, huko ni kibali cha Parks Canada.

Chakula fanyeni cha nyumbani, chapati za kukunja na mandazi, hivyo hata vikipoa vinalika, na kila gari chupa mbili za chai ya tangawizi.

Mama_Zuhura_YYC

Na achia mtu mmoja aliyebaki mjini majina yote, mnaenda wapi, mnarudi saa ngapi, na saa ngapi apige 911 kama hajasikia kitu. Mwezi huu saa kumi na moja jioni giza linaingia. Mimi nitabaki kwa sababu ya mguu, nitumie mimi.

mke_wa_fundi

Samahani nimechelewa, mimi nitakuwa kwenye hiyo safari na nina mtoto wa miezi nane. Naweza kumbeba mgongoni na kitenge kama nyumbani halafu nivae jaketi kubwa juu yetu wote wawili?

Mama_Zuhura_YYC

Mwanangu mgongoni usimweke siku hiyo. Wewe unatembea mwili unapata moto, yeye ametulia hatembei, miguu inaning'inia inapoa na wewe humuoni uso. Halafu kwenye barafu mtu huanguka kwa nyuma. Mbebe kifuani ndani ya jaketi, uwe unamgusa shingo na vidole kila mara, vaa makucha ya chuma na ushike fimbo mbili. Na kama asubuhi hiyo ni chini ya minus 10 niletee mimi, nakaa karibu na barabara mnayopita kutoka mjini, utamchukua mkirudi.

mke_wa_fundi

Asante sana mama. Nitamleta na uji wake.

MtuWaSame

Wakuu nimeandika yote. Jumamosi ni Troll Falls, tunakutana saa tatu asubuhi, Alhamisi jioni nitaweka hapa hali ya njia na taarifa ya maporomoko ili @DaktariWaBarabara aipitie kabla sijawatangazia. Mwenye makucha ya ziada saizi za watoto aniambie, mpaka sasa nimepungukiwa.

Nyika254

Niko nazo za watoto hapa Canmore, nitakuja nazo moja kwa moja kwenye paking.