Kona yako ya kutulizia akili nyumbani uliipataje? Tupeane uzoefu, hata sisi wa chumba na sebule

#1 Mleta mada, Mbagala

Habari zenu wapendwa. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu naogopa kuileta, nilidhani mambo ya kuwa na sehemu yako ya kutulia ni ya watu wenye nyumba kubwa na bustani, ila leo nimeona niseme yangu na nyie mseme yenu.

Mi nakaa Mbagala, chumba na sebule, tuko mimi, mume wangu, watoto watatu na shemeji yangu anasoma chuo. Nafundisha shule ya msingi, darasani nina watoto zaidi ya tisini, natoka huko kichwa kinagonga, daladala nasimama mpaka nashuka, nikifika tu mlangoni ni mama njaa, mama huyu kanipiga, tivii iko juu na jirani nae kafungulia singeli ukuta unatetemeka. Mwaka juzi nilifika mahali naingia bafuni najifungia, nakaa juu ya ndoo nimeigeuza, alafu nachota maji kwa kopo namwaga kidogokidogo chini wasikie kama naoga. Dakika kumi hivi. Siku moja binti yangu mkubwa akagonga akauliza mama unalia? Nikamwambia naoga. Nilikuwa nalia.

Sasa uwani kwetu nyuma ya simtanki kuna kauwazi, kanatosha mkeka mmoja tu, palikuwa pamejaa matofali mabovu na ndoo zilizotoboka. Nikamuomba mama mwenye nyumba nipasafishe, akasema safisha ila usije ukajenga kitu. Jumamosi moja nikatoa uchafu wote, nikamwaga kokoto ndoo nne mvua ikinyesha pasifanye tope, nikafunga kamba kutoka kwenye simtanki mpaka kwenye bati la uzio, nikatundika kanga mbili kuukuu. Nikapanda mchaichai na mrehani kwenye makopo ya rangi. Mkeka ni wa ukindu, alinipa marehemu mama siku naolewa, ulikuwa umekunjwa juu ya kabati miaka yote. Nilipoufuta kwa kitambaa kibichi harufu ya ukindu ikatoka kama ile ya chumbani kwake, nikakaa pale pale chini nikashindwa kuendelea na kazi. Hela iliyonitoka haikufika elfu ishirini.

Ila niwaambie ukweli, kilichoniokoa sio kanga wala mchaichai. Ni makubaliano. Niliwaita wote nikawaambia mkeka ukitandikwa mama hayupo, nusu saa, labda mtu kaumia au moto. Wiki ya kwanza walikuja kila mara, chumvi iko wapi, rimoti iko wapi, mi nawaangalia tu sijibu mpaka wakazoea. Baba watoto ndio alichelewa kuelewa, alijua nimemkasirikia, ikabidi tukae usiku nimwambie sikukimbii wewe nakimbia kelele, nikitoka pale ndio nakuwa mtu wa kuongea nae. Siku hizi yeye ndio anawaambia watoto mama yenu katandika mkeka, pikeni chai.

Haya na nyie?

#2 Tanga

Pole sana mwalimu, hapo kwenye kumwaga maji kwa kopo umenigusa, nilijua niko peke yangu.

Mi mtihani wangu ulikuwa majirani. Nilifiwa na mume, usiku usingizi hauji, nikawa natoka saa tano nakaa kibarazani nachoma udi kidogo, nazima taa, nasoma nyiradi zangu taratibu. Haikupita mwezi maneno yakaanza, yule mjane usiku anafanya mambo yake, kuna mama akawa anawavuta watoto wake ndani nikipita. Iliniuma jamani, maana sikuwa na pengine pa kupumulia. Shangazi yangu akanipa akili, akasema usijifiche, waite. Ijumaa moja baada ya alasiri nikatandika jamvi pale pale kibarazani, nikawasha kile kile chetezo, nikapika kahawa na kashata nikawakaribisha kina mama watatu. Wakaona ni kibaraza tu. Huyo aliyekuwa anavuta watoto ndio siku hizi akiona kibaraza kina vumbi anakipitishia ufagio. Nyumba za kupanga ukiwa na sehemu yako ya faragha ambayo hakuna anayeijua, watu wataijaza wenyewe kwa maneno.

#3 Nairobi

Mimi niko bedsita huku Roysambu, na kazi nafanyia humo humo, napokea simu za wateja mchana kutwa. Kitanda ndio ofisi, ofisi ndio jikoni. Sikuwa na kona ya kutenga kwa hivyo nilitenga mwanga. Saa za kazi nawasha ile taa nyeupe ya juu, nikimaliza naizima kabisa nawasha kataa kadogo ka njano kako chini sakafuni, na kiti nakigeuza kinaangalia dirisha badala ya meza. Laptopu naifunika na leso. Simu naiacha karibu na mlango kwa chaja. Ni chumba kile kile lakini mwili umeshajua, taa ya njano ikiwaka mabega yanashuka yenyewe.

#4 Mombasa, asili Lamu

Mnanikumbusha nyumba ya bibi yangu Lamu. Wazee wetu hii mada waliimaliza zamani sana, wao utulivu waliujengea ukutani kabisa. Unaingia kwanza dakani, hapo pana mabaraza ya mawe huku na huku, mgeni asiye wa ndani anakaa hapo na maneno yake yanaishia hapo. Ukipita unafika kiwandani, yaani ua wa ndani, juu wazi unaona mbingu, alafu vyumba vinafuatana mpaka ndani kabisa ambako kelele za njiani hazifiki. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, adhuhuri jua linawaka nje wewe ndani huhisi. Na zile zidaka za plasta ukutani, bibi aliweka humo sahani zake na chupa ya marashi, hakuna mtoto aliyethubutu kugusa. Mji wa kale wa Lamu umeingizwa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001 na watu wanasifia milango, mimi nasifia vile ulivyokuwa huwezi kumfikia mtu mpaka upite sehemu tatu nne.

Sasa niko gorofani Kisauni, mlango ukifungua uko sebuleni moja kwa moja. Nilichofanya ni kuweka benchi dogo na sanduku la viatu hapo mlangoni, ndio daka langu. Nikirudi nakaa hapo kwanza, navua viatu, natoa funguo mfukoni, navuta pumzi, wanangu wanajua baba akikaa hapo bado hajafika. Dakika tano tu. Nikisimama ndio nasalimia.

#5 Minneapolis, Marekani

Salamu kutoka baridini. Nahudumia wazee huku, na mwezi wa kumi na mbili jua linatoka karibu saa mbili asubuhi, saa kumi na nusu jioni limezama, kwa hiyo naenda kazini giza narudi giza. Mwaka wa kwanza nililala tu, nilidhani ni uchovu, nikipigiwa na nyumbani sipokei. Daktari akaniambia ni huzuni inayoletwa na upungufu wa mwanga, akanishauri taa maalumu ya mwanga mkali, laksi 10,000, unakaa mbele yake asubuhi kama nusu saa bila kuikodolea macho. Basi nikaiweka pembeni ya dirisha, nikaweka na kiti na busati nililotoka nalo Ujiji, kikombe changu cha chai ya tangawizi, na natumia huo muda kusikiliza sauti za WhatsApp za mama. Anavyoongea nasikia na majogoo nyuma. Hiyo ndio kona yangu.

Dada wa Tanga, udi napenda sana ila kwa wanaokaa sehemu za baridi naomba sana msiwashe chetezo cha mkaa chumba kimefungwa madirisha. Mkaa unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, unaweza kulala usiamke. Mi natumia chetezo cha umeme.

#6 Mwanza

Wanaume tunasema kona yetu ni kijiweni lakini kijiweni hupumziki, kule ni kubishana mpira mpaka unarudi umechoka zaidi. Mi naendesha bajaji, nikirudi naipaki chini ya mwembe, nazima injini, nabaki siti ya nyuma, siti ya abiria, miguu nimenyoosha. Siku nzima nimekaa mbele. Mke wangu ananiletea maji ya kunywa anaondoka bila kuniuliza leo umepata ngapi, na kwa hilo namshukuru kuliko anavyojua.

#7 Dar, mhudumu wa afya

Mwalimu hongera, ila nina neno kuhusu makopo. Nyuma ya simtanki, kivuli, mimea na visahani vyenye maji, hapo mbu wa homa ya dengue ndio anapataka. Mwaka 2019 Dar tuliona ilivyowalaza watu na maumivu ya viungo. Huyu mbu anauma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni, muda huo huo unaokaa mkekani, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Kumwaga tu haitoshi, mayai yanaganda kwenye kuta za chombo na yanastahimili ukavu miezi kadhaa, kwa hiyo sugua kwa brashi kila wiki. Toboa makopo chini, visahani weka mchanga.

#1 Mleta mada, Mbagala

Asanteni jamani, nimesoma zote, ya Tanga nimeisoma mara mbili nikiwa hapo hapo mkekani. Kaka wa bajaji, nitamsomea baba watoto ya kwako leo.

Na wewe wa #7 Mungu akubariki, nimenyanyuka saa hii hii na tochi ya simu nimeangalia, kwenye kisahani cha mrehani kuna viluwiluwi vinacheza. Nimevimwaga kwenye kokoto kavu, binti yangu anasugua sahani, mdogo wake kachukua msumari anatoboa makopo.