Vyeti vyangu vina majina mawili tofauti na nimeitwa kwenye usaili mara mbili: nijiandae vipi?

Binti wa Makorora:

Asalaam alaykum, na shikamooni wakubwa wote. Mimi ni mkazi wa Makorora hapa Tanga, nina umri wa miaka 26 na stashahada ya ununuzi na ugavi. Kwa miaka miwili nimetuma maombi bila kuitwa popote, kisha wiki iliyopita nikaitwa mara mbili kwa mpigo. Kwanza ni usaili wa mchujo wa nafasi ya Afisa Ugavi Msaidizi, niliyoiomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, utakaofanyika Dodoma baada ya siku 18. Pili ni mahojiano katika kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa mjini, Jumatano ijayo.

Furaha hiyo iliingia doa nilipokuwa nikipanga vyeti vyangu. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vinasema Mwanaidi, na jina la ukoo ni Shehe. Cheti cha kidato cha nne na vile vya chuo vinasema Mwanahidi, na jina la ukoo limekuwa Sheikh. Mwalimu aliyenisajili shuleni aliandika alivyosikia, nasi nyumbani hatukulitilia maanani. Je, kiapo cha wakili kinatosha? Na huko kwenye kampuni, ikiwa uzoefu wangu wote ni mafunzo ya vitendo ya wiki nane, nitegemee maswali gani?

Karani Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Nilifanya kazi katika idara ya utumishi kwa miaka 23, na ningekushauri uanze na jina leo hii, kwa sababu mambo mengine yote unaweza kuyasoma hata usiku wa mwisho ila jina haliwezi kurekebishwa usiku wa mwisho. Tangazo la kuitwa kwenye usaili ukilisoma lote (vijana wengi hutafuta jina lao kwenye orodha, wakiliona hulifunga) huelekeza kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kubadili jina, ile ambayo mitaani huitwa didipoli, tena iwe imesajiliwa. Kiapo ni maneno yako mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hati ya kubadili jina ni kitu kingine: ndani yake unaliacha jina moja na kulishika jingine kuanzia tarehe fulani, wakili huiandaa, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nimewahi kuwaona waombaji wazuri, wenye alama za kutamanika, wakirudishwa mlangoni wakiwa na kiapo mkononi, na hapakuwa na la kuwasaidia kwa sababu tangazo lilikuwa limesema wazi.

Utaulizwa na wakili ni jina lipi unalishika. Mimi ningelishika lile la vyeti vya elimu, maana ndivyo vitakavyokufuata katika kila ajira, kisha nirekebishe kumbukumbu nyingine kwa hati hiyohiyo. Lakini hilo mzungumze vizuri, kwa kuwa yeye ataziona karatasi zako nami sizioni.

Ukienda Dodoma, chukua vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na vya chuo. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Chukua pia kitambulisho, na kumbuka kwamba nauli, chakula na malazi ni juu yako.

Mpanda Baiskeli wa Chuda:

Dada, pole na hongera. Mimi nilifanya mchujo wa kada hiyohiyo na nikaanguka, kwa hiyo nitakueleza lililoniangusha. Mchujo ni mtihani wa kuandika, na wanaofaulu ndio huitwa kwenye usaili wa mahojiano. Nilisoma vitini vyangu vya chuo kwa bidii mno, kumbe vilikuwa vimejengwa juu ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, wakati sheria inayotumika ni ya mwaka 2023. Vilevile nilieleza kwa ufasaha mkubwa zabuni zinavyotangazwa kupitia TANePS, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma ambao tayari ulikuwa umepisha mfumo mpya wa NeST. Nilijibu vizuri maswali ya nchi ambayo haipo tena. Itafute sheria mpya pamoja na kanuni zake, uzisome ukiwa na tangazo la kazi mezani, kwa sababu majukumu yaliyoorodheshwa pale ndiyo ramani nzuri ya maswali.

Jambo jingine ni kwamba ukifaulu mpaka mahojiano na nafasi zikajaa, jina lako linaweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata na ukapangiwa kituo baadaye. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu, na akitokea mtu wa kukuambia kwamba kwa kiasi fulani cha fedha atalisogeza jina lako juu, mkimbie. Mimi nilimpa mmoja laki mbili na sikumwona tena.

Wakala wa Bandarini:

Waalaykum salaam. Nina ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, na kila mwaka huwasaili vijana wachache, hivyo nitajibu lile la Jumatano. Katika ofisi kama yangu hakuna anayetegemea kwamba mhitimu ajue kila kitu. Ninachotaka kuona ni kama anaelewa mzigo unapita wapi tangu meli ifunge gati mpaka lori litoke getini, na kama anaweza kupiga hesabu bila kubabaika.

Hesabu ninayoipenda ni hii. Mzigo umekuja kwa meli, na thamani yake pamoja na bima na nauli mpaka bandarini ni shilingi 10,000,000, nao unatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ni kiasi gani? Wengi husema 2,500,000 kwa ushuru, kisha huchukua asilimia 18 ya milioni 10 na kupata 1,800,000. Hapo ndipo wanapoteleza, kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya thamani ikiwa imekwisha kujumlishwa na ushuru: asilimia 18 ya 12,500,000, yaani 2,250,000. Jumla inakuwa 4,750,000, na tozo nyingine ndogondogo nimeziacha makusudi. Jifunze pia viwango vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambavyo ni sifuri, 10, 25 na 35, ingawa zipo bidhaa chache zenye viwango vyake maalumu.

Swali jingine hupenda kulielekeza kwa watoto wa Tanga wenyewe: ni nini kilichobadilika katika bandari yetu? Anayejibu kwamba imepanuliwa nampa alama kidogo. Anayeeleza kwamba zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, na kwamba baada ya kina kuchimbwa hadi mita 13 meli hufunga gatini, na kwa nini hilo linamfaa mwenye mzigo, huyo nakaa naye kitako.

Kuhusu wiki nane zako, usizitaje kwa jumla. Sema ulijaza hati gani kwa mkono wako, nani aliikagua, na uliposahihishwa ulisahihishwa nini. Mavazi yawe safi na ya heshima, basi.

Binti wa Makorora:

Ahsanteni sana. Ile hesabu niliifanya kabla ya kusoma jibu na nikapata 1,800,000 kama hao wengine. Kwa wakili nakwenda kesho asubuhi. Limebaki moja, nalo nalisema kwa haya kidogo: katika kampuni nyingine rafiki yangu aliulizwa kama ana mchumba na anatarajia kuzaa lini. Nikiulizwa nijibu nini? Na je, niwaambie kuhusu Dodoma?

Karani Mstaafu:

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa au ujauzito, na mwombaji wa kazi analindwa nayo pia. Lakini usiwasomee vifungu. Jibu kwa upole kwamba hakuna katika maisha yako kitakachokuzuia kufika kazini kwa wakati, kisha nyamaza.

Wakala wa Bandarini:

La Dodoma usilianzishe wewe, ila ukiulizwa kama una maombi mengine, sema kweli. Na siku ya safari, usipange kufika asubuhi ileile ya usaili. Panda basi la alfajiri pale Kange siku moja kabla, na bahasha ya vyeti ukae nayo mapajani, usiiweke kwenye buti.