Baze ya trifaze: natumia 70 kV ao 40,4?

Mwana_Kadutu
Jambo bakubwa, minaomba munisaidie mbio ju umeme umekatika tena huku na batri ya telefone iko karibu kwisha. Prof alitupa laini ya 70 kV yenye reaktansi ya 40 Ω, mwisho wake kuna transfo 70/15 kV ya 10 MVA, x (reaktansi yake) = 8%, njo anauliza kursirkwi ya trifaze (faze zote tatu zikigusana) upande wa 15 itatoa amperi ngapi, chanzo tunahesabu hakina impedansi. Mi nilichukua baze (namba ya kugawanyia, ili kila kitu kihesabiwe kama sehemu yake) 10 MVA, na ju tunachoraga faze moja tu nikagawanya 70 kwa √3, nikapata 40,4 kV, Zb (ohmu za baze) = 163 Ω. Mwisho 1 185 A. Prof ye ako na 2 381! Nimekosea wapi? Na hii baze, kila mutu anajichaguliaga tu vile anataka?

FundiTransfo
Mudogo, ile 10 MVA ni ya faze tatu, 40,4 ni ya faze moja. Umeweka mguu mmoja kwenye pirogi, mwingine ukauacha ufukoni. Ao zote za trifaze, 70² / 10 = 490 Ω, ao zote za faze moja, 40,4² / 3,33 = 490 vilevile. We ulipata theluthi yake.
Sasa laini ni 40 / 490 = 0,0816, transfo inabaki 0,08 ju baze yako ni ileile ya plake (kibao cha transfo), jumla 0,1616, 1 (ni 70 ya chanzo kwa 70 ya baze) ukigawanya kwa hiyo unapata 6,19. Amperi za baze upande wa 15 ni 385 (hapo √3 inarudi, usiisahau: 10 000 / (1,732 × 15)). Zidisha, njo zile za prof. Usipoamini fanya kwa ohmu: laini ikivuka transfo inakuwa 40 × (15/70)² = 1,84, transfo 1,8, halafu 8 660 V (15 000 / √3) gawanya kwa 3,64. Bastajiere wangu nawafanyishaga hivyo kila siku hata wakinung'unika.

MamaVolti_Goma
Kuhusu kuchagua: unachagua vitu viwili tu, nguvu moja kwa mtandao mzima na tansio moja mahali pamoja. Basi. Tansio zingine zote zinaamuliwa na transfo, si wewe, na hapo ndipo wengi wanaanguka. Kwenye mitandao mikubwa watu hupenda 100 MVA kwa sababu ni namba nyepesi, lakini kwa laini ya 70 kama hii yetu inayotoka Bukavu kuja Goma 10 haina ubaya, amperi za mwisho hazibadiliki.

Mwana_Kadutu
Asanti mama, asanti fundi. Kumbe swali ya prof iko na b): transfo wanaibadilisha wanaweka ya 66/15, 10 MVA, 8% ileile, laini na chanzo binabaki 70. Naacha 0,08?

MamaVolti_Goma
Hapana! Ile 8% imehesabiwa kwa 66, baze yako ni 70, kwa hiyo 0,08 × (66/70)² = 0,0711. Halafu baze ya chini si 15 tena, ni 70 × 15/66 = 15,91 kV, hata kama kila mtu mjini anaita mtandao ule 15. Ukilazimisha 70 juu na 15 chini, transfo hiyohiyo itakuwa na 0,0711 ukiitazama kutoka juu na 0,08 ukiitazama kutoka chini, na utalazimika kuchora transfo nyingine ya kufikirika ya 0,943 katikati. Programu za kompyuta zinafanya hivyo bila shida, kwa mkono ni kujitesa.

FundiTransfo
Na akikuletea transfo tatu za monofaze soma kwanza zimeungwa namna gani. Kila moja 40,4/15 na 3,33 MVA, nyota juu na pembetatu chini, banki yote ni 70/15 na 10 MVA. Nyota pande zote mbili ni 70/26. Zile digrii 30 ambazo nyota-pembetatu inasogeza tansio haziingiagi kwenye baze.

Mwana_Kadutu
b) nimepata 2 376. Nilikuwa nimeisha andika 2 520 ju nilibakisha 385 za zamani, kumbe nazo zinashuka mpaka 363.