Nimepata kipande cha kulima Uingereza, kimejaa majani. Kuna aliyepanda bila kutifua?

Mtu wa Migombani
Wakuu, habari za siku. Baada ya kukaa kwenye foleni karibu miaka mitatu, halmashauri imenikabidhi funguo. Kwa mlioko nyumbani: huku Uingereza asiye na ua anaweza kukodi kipande cha ardhi kwa mwaka, akalima mboga za kula na familia. Wanaita alotimenti. Bado wanapima kizamani kwa rodi. Kipande kizima ni rodi 10, kama mita za mraba 250. Mimi nimepewa nusu.

Shida ni kwamba aliyekuwa nacho alikitelekeza. Majani yananifika magotini, na chini kuna mizizi myeupe kama tambi, tabia yake ni ya sangari kabisa: ukiikata, kila kipande kinaota. Jumamosi nilichimba kutwa nzima nikasafisha eneo la ukubwa wa kitanda, na mgongo haujanisamehe. Mzee wa kipande jirani anasema nichimbe kina cha machepe mawili. Mke wangu naye ananionyesha video za Charles Dowding, yule mkulima wa Somerset asiyechimba: anatandika maboksi juu ya majani, anamwaga mboji, anapanda. Ni kweli au ni mambo ya video tu? Udongo ni mfinyanzi. Tunataka mchicha, sukuma wiki, maboga (kwa ajili ya majani), maharage na mahindi kidogo. Sasa ni Februari.

Mama Koku
Hongera kaka. Rudisha chepe stoo. Huu ni mwaka wangu wa sita bila kutifua na nilianza na kichaka kama chako.

Fyeka majani yaache hapohapo. Tandika maboksi ya kahawia, yale yasiyong'aa, na ubandue selotepu yote sasa, maana usipobandua utaiokota kwa miaka. Yapandane kiasi cha shubiri moja, kwa sababu sangari ikiona mwanya wa kidole inapita. Yaloweshe maji mpaka yalegee. Juu yake weka mboji iliyoiva, sentimita 15, uikanyage kwa buti. Ndiyo, uikanyage. Mboji ikiwa imeiva haigandi, na miche hukaa imara. Boksi linaoza ndani ya miezi miwili mitatu, na kufikia hapo majani ya chini yamekufa kwa kukosa mwanga.

Halafu hapa ndipo wengi wetu tuliotoka nyumbani tunapojikwaa. Kwetu matandazo ni majani makavu: ya migomba, ya mahindi, nyasi. Nikafanya hivyohivyo mwaka wa kwanza. Nchi hii ni ya unyevu. Chini ya yale majani makoa wakafanya makazi, wale konokono wasio na nyumba, na usiku mmoja wakamaliza miche 40 ya sukuma wiki. Huku mboji yenyewe ndiyo matandazo. Na usizungushie mbao pembeni ya tuta, wanajificha hukohuko.

Jembe Halilali
Mimi napinga kidogo. Mfinyanzi usiovunjwa utapitisha vipi maji? Nimelima tangu utoto, hakuna mboga bila jembe.

Mtu wa Migombani
Mkuu, hilo ndilo linalonisumbua na mimi. Ila nikikumbuka kihamba cha bibi (shamba la migomba la nyumbani), kule chini ya migomba sikuwahi kuona mtu akigeuza shamba zima. Majani makavu yanaachwa chini, samadi inatoka zizini inamwagwa, anayepanda gimbi anachimba shimo la gimbi tu. Na udongo ulikuwa mweusi unaomeguka mkononi.

Mama Koku
Umejijibu. Jembe Halilali, nyungunyungu wanapanda kufuata mboji na kuishusha chini, na njia zao ndizo zinazopitisha maji. Ukigeuza udongo unazivunja, na juu yake unazipa mwanga mbegu za magugu zilizokuwa zimelala. Ila dimbwi la maji lililosimama kipupwe chote ni jambo lingine, hilo tafuta mfereji kwanza.

Jembe Halilali
Haya, nyungunyungu nawakubali. Mgongo wangu nao umewakubali.

Mtu wa Migombani
Nimepiga hesabu nikashika kichwa. Mita za mraba 125 kwa sentimita 15 ni karibu mita za ujazo 19 za mboji! Nikauze figo?

Dereva wa Toroli
Usifunike kote, mkuu. Tuta la mita 1.2 kwa 5 linakula lita 900, yaani mifuko 18 ya lita 50. Anza na matuta matatu, ununue kwa gunia kubwa la kushushwa na lori, si mifuko ya dukani. Mwaka wa pili unaongeza sentimita 3 hadi 5 tu. Sehemu iliyobaki funika plastiki nyeusi, toboa matundu Mei, panda maboga humo. Kwanza muulize katibu wa kamati ya alotimenti, kuna mahali plastiki au zulia kuukuu ni marufuku. Kwenye njia tandika maboksi pia, sangari inaingia kutokea pembeni.

Na jihadhari na samadi ya farasi ya bure. Mimi niliibeba kwa furaha toroli 12, nyanya zikajikunja majani kama ngumi. Kumbe nyasi walizokula farasi zilipigwa dawa ya magugu, aminopiralidi, ambayo inapita tumboni na kutoka nzima. Jaribu kwanza: chungu kimoja weka udongo na samadi hiyo, kingine udongo mtupu, panda maharage yote mawili. Subiri wiki tatu nne. Majani yakijikunja upande wa samadi, mrudishie mwenyewe.

Mtu wa Migombani
Nimepanda maharage dirishani leo. Mke anacheka.

Mama Koku
Mahindi anza ndani mwishoni mwa Aprili, mbegu ya muda mfupi. Usitoe mmea unaopenda joto nje kabla ya katikati ya Mei, jalidi (baridi ya kugandisha) haina huruma. Yapande kwa kundi la mraba, si mstari mmoja, upepo ndio unaobeba chavua. Mchicha subiri Juni.

Mtu wa Migombani
*(mwishoni mwa Juni)* Wakuu, mrejesho. Samadi ilifeli mtihani, sikuibeba. Matuta matatu yamesimama, sukuma wiki tunachuma mara mbili kwa wiki. Sangari imechungulia ukingoni mwa tuta la tatu, pale nilibania maboksi. Naing'oa kila jioni na safari hii inatoka na mzizi mrefu bila kukatika. Mzee jirani alikuja akachomeka kidole kwenye mboji, akanyamaza, akaniuliza maboksi nayatoa wapi. Makoa wamekula nusu ya mchicha.

Mama Koku
Tia mwingine, msimu bado. Nikikosa kukutumia mbegu wiki hii nikumbushe.