Mama aliyetupokea usiku wa mabomu ya Gongo la Mboto amekataa pesa yangu na amenuna, nifanyeje?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wenu maana hili jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Mliokuwepo Dar mwaka 2011 mnakumbuka usiku ule wa tarehe 16 mwezi wa pili, mabomu ya kambi ya jeshi Gongo la Mboto yalivyolipuka. Nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu darasa la tatu, mama yuko kazini, tukatoka pekupeku tukafuata umati unaoelekea mjini, watu wanapotezana, watoto wanalia, tukaja kuishia Buguruni usiku wa manane tumekaa kwenye kibaraza cha mtu tusiyemjua. Mwenye nyumba ni mama muuza vitumbua. Hakutuuliza ukoo wala dini. Aliingia ndani akatoka na doti ya kanga mpya haijakatwa bado, akaing'ata pale katikati akaichana, kipande kimoja akanipa mimi kimoja mdogo wangu, tukajifunika tukalala. Ule mlio wa kanga kuchanika nausikia mpaka leo.

Mama yetu alitupata siku ya tatu, na kwa vile chumba chetu ukuta ulikuwa umepasuka tukakaa kwa yule mama wote watatu karibu miezi minne, nauli ya shule anatoa yeye kwenye kopo la hela za vitumbua.

Sasa hivi namshukuru Mungu nina kazi kwa wakala wa forodha. Mwezi uliopita nikapata bonasi, nikaweka milioni moja kwenye bahasha nikaenda Buguruni na furaha zangu zote, nikamwambia mama leo nimekuja kulipa deni lako. Hakuifungua. Alinirudishia mkobani kwa mkono wake akasema, "Kumbe miaka yote hii mwenzangu ulikuwa unaandika? Haya, tumemalizana."

Toka siku hiyo nikipiga anapokea ila anajibu mkato, nzuri, salama, haya. Mume wangu anasema mtu akikataa pesa muache. Mimi siwezi. Nimekosea wapi?

Kijana wa Tandika: Pole dada. Maisha yalivyo mjini hapa pesa haikataliwi, mtumie kwenye simu kimya kimya, siku akikwama kodi au dawa ataitoa tu.

Mama Pacha: Usithubutu kumtumia kwenye simu, utakuwa umemuumiza mara ya pili. Ngoja nikwambie mdogo wangu. Kuna vitu vya kurudishiana na vina daftari, mimi nimekuwa mhasibu wa kicheni pati nyingi mtaani kwetu, fulani alikuja na sufuria, fulani alitunza elfu hamsini, na kwake ikifika zamu unafungua daftari unaangalia unapeleka kama kile au unazidisha kidogo, hakuna anayekasirika kwa sababu wote tunajua tunaandikiana. Msibani vilevile. Sasa yule mama alichana kanga yake usiku, hakuna aliyeshika kalamu. Wewe umekuja na hesabu kwenye kitu ambacho yeye hakukihesabu, na ukishalipa deni si ndo mmeachana? Hapo ndo palipomuuma.

Mpita Njia: Swali moja tu mleta mada. Mwaka jana ulienda kumuona mara ngapi?

Mwana wa Pwani: Sisi watu wa Pwani tumekulia kwenye bakuli. Mwezi wa Ramadhani jirani akileta futari bakuli lake halirudi tupu, hata kama huna kitu utatia sukari au limau mbili. Lakini na wewe hulirudishi jioni ileile na chakula kilekile, ukifanya hivyo anaona umekataa cha kwake. Unakaa nalo, siku umepika tambi au umepata mihogo mizuri unatia unapeleka, na yeye anabaki na la kwako, mnaenda hivyo mpaka watoto wenu wanaozana. Utamu wake ni kwamba kila siku kuna mmoja ana bakuli la mwenzie. Usiulize nimlipe nini, uliza nimpelekee nini safari hii.

Fundi Bati: Nakubaliana na Mwana wa Pwani. Mzee aliyenifundisha kazi alikataa hela zangu miaka mingi. Mvua za masika nikaona sebuleni kwake kuna ndoo tatu zinakinga maji. Sikusema kitu, nikarudi na misumari na bati mbili nikapanda juu, yeye kashika ngazi ananikosoa msumari mmoja mmoja mpaka tukamaliza. Kachangamka mwezi mzima. Kaangalie kwake ndoo iko wapi.

Kidoti: Kwanza muombe radhi kwa lile neno deni.

Mleta mada: Mpita Njia swali lako limenichoma, mwaka jana nilienda mara moja tu, siku ya Idi, nusu saa nikaondoka.

Leo Jumapili nimefika kwake saa kumi na moja alfajiri, moshi ndo unaanza. Nimemwambia mama nisamehe, lile neno halikutoka vizuri. Hakujibu, kanisogezea kigoda na chuma cha vitumbua, kanipa kijiti nigeuze, nikaunguza vya mwanzo akaniambia vuta kuni moja nje, moto mkali. Nimegeuza mpaka tui na unga vikaisha kwenye beseni. Tulipokuwa tunaosha vyombo kaniambia macho yanamsumbua hasa jioni, kwa hiyo Jumatano nimeomba ruhusa kazini nimpeleke kliniki, na amekubali.

Wakati naondoka kanifungashia vitumbua kumi kwenye bakuli lake la bati lenye maua, lile lile tulilokuwa tunalia uji. Liko hapa jikoni kwangu nimeshaliosha. Mama Pacha, Mwana wa Pwani, nilirudishe na nini?