Mnatuuzia chuma kilichopakwa rangi mkisema ni shaba, na mama yangu amefungiwa chooni

Wakuu, asalaam aleikum. Nina hasira na sitaificha.

Alhamisi alfajiri mama yangu, mwenye miaka 73, aliingia chooni kutia udhu, mlango ukakataa kufunguka. Tunakaa Langoni, hapa Lamu, nyumba ya mawe, na mimi nilikuwa nimeshatoka kwenda msikitini. Akagonga, akaita, hakuna aliyesikia. Kuta zetu mnazijua unene wake. Niliporudi nikausukuma mlango kwa bega mpaka ukaachia, nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso imelowa jasho. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huu mlango mpya una nini?"

Una miezi minane! Mbao ni mbambakofi, zilipigwa randa mbele ya macho yangu, hazina ufa hata mmoja. Kilichokufa ni bawaba.

Nilipozing'oa, skrubu mbili zilikatika vichwa hata sijazizungusha vizuri. Sindano ya katikati imevimba kwa kutu mpaka imegandana na bomba lake. Bawaba ya juu imeachana na mwimo, kidole kinapita, ndiyo maana mlango ulilala ukaanza kuburura chini. Umechora robo duara kwenye saruji. Nikachukua msumari nikakwaruza. Ile rangi ya dhahabu ikabanduka kama ganda la kitunguu, chini yake chuma cheusi. Nikaleta sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, ikang'ang'ania kama chaza kwenye mwamba.

Shaba haishikwi na sumaku. Na muuzaji, pale Malindi, alinishika mkono akaniambia, "Ndugu yangu, hii shaba tupu, chumvi haiigusi." Nikalipa bei ya shaba, jozi tatu kwa milango mitatu. Nimezipima bawaba zilizobaki. Chuma, zote.

Sisemi chuma kilichopakwa ni haramu. Kiweke mlango wa chumba cha kulala Nairobi, kitakaa miaka. Lakini huku upepo wa kusi unaingiza chumvi mpaka ndani ya kabati, na chooni kuna maji juu ya chumvi. Muuzaji wa pwani anayajua hayo kuliko mimi, ndiyo maana nasema alinidanganya kwa makusudi.

Na fundi wangu naye hajasalimika. Mlango mzito vile akauning'iniza kwa bawaba mbili. Nilimuuliza, akasema, "Mbili zatosha, kaka, wote hufanya hivyo." Bawaba ya juu ndiyo inayovutwa itoke kwenye mwimo kwa uzito wa mlango, ya chini inasukumwa kuelekea mwimo. Mlango wa mbao ngumu unataka tatu, na ile ya tatu ikae karibu na ya juu iisaidie. Halafu skrubu alizotia ni fupi, hazizidi urefu wa kucha, zimeshika ngozi ya ubao tu.

Wazee wetu hawakuhitaji haya. Tazama milango ya nakshi kule mtaa wa Mkomani: mingi ya kale haina bawaba kabisa, ubao wenyewe una ncha juu na chini, zinazunguka ndani ya matundu ya kizingiti na boriti. Imefunguliwa na kufungwa vizazi kwa vizazi. Sisi tumepata bawaba za dukani, hata mwaka haujaisha.

Basi nunueni hivi, msiumie kama mimi. Ingia dukani na sumaku, ushike bawaba na pia sindano yake, maana kuna bawaba za shaba kweli zilizotiwa sindano ya chuma, na hiyo itaoza ndani kwa ndani. Ya shaba ifungwe kwa skrubu za shaba. Ukichanganya na za chuma, kwenye unyevu wa chumvi, zile za chuma zinaliwa haraka zaidi. Shaba ni laini, kwa hiyo fundi atoboe kwanza, apitishe skrubu ya chuma kufungua njia, aitoe, ndipo atie ya shaba, la sivyo itakatikia ndani ya ubao. Ukitaka stenlesi, ile chuma isiyoshika kutu upesi, uliza namba ya aina yake: 304 hupata madoa ya kutu karibu na bahari, 316 imetiwa molibdeni, metali inayoisaidia kupinga kutu, na huhimili chumvi vizuri zaidi. Na mlango wa nje unaofungukia nje usiwekewe bawaba ambayo sindano yake huchomoka, mwizi ataing'oa akiwa barazani kwako.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Kuna na sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012. Risiti ninayo, imeandikwa kwa mkono wa muuzaji mwenyewe: "bawaba za shaba inchi 4."

Jumatatu navuka maji hadi Mokowe, upande wa bara, nipande basi la Malindi, bawaba zote kwenye mfuko, hata zile zilizokatika skrubu. Sitaki kubadilishiwa, nataka pesa zangu. Aliyewahi kurudisha vitu vya aina hii akalipwa aniambie alianzia wapi. Na wewe uliyeweka bawaba za "shaba" mwaka huu, zishike na sumaku leo, uanze na mlango wa choo cha wazee.